Eneo-kazi la Zamani Linatunzwa na Nani?

Mabibi na mabwana, wanafunzi, mafundi wenzangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie ugomvi ambao kila aliyekaa na Linux, ule mfumo endeshi huria wa kompyuta, miaka kadhaa ameushuhudia, na najua humu ndani wapo walioushiriki kwa hasira: eneo-kazi la zamani, yaani ile sura ya menyu, upau na madirisha unayoikuta kwenye skrini, lihifadhiwe, au tupokee sura mpya kila inapoletwa?

Msimamo wangu nautoa mapema, asije mtu akakaa hadi mwisho akingoja niwape wote haki sawa. Naona swali lenyewe limekaa upande. Maeneo-kazi ya zamani yaliyo hai leo hayakuhifadhiwa kwa kuachwa yalivyo. Yamefumuliwa na kushonwa upya ndani, mara nyingine karibu yote, ili yaonekane vilevile kwa nje. Kwa hiyo ukiniambia unapenda la zamani, nakuuliza mara moja: nani analitunza, na ana nguvu kiasi gani?

Maeneo-kazi makubwa ya Linux ni mawili, GNOME na KDE, na watu wengi hudhani vita hivi vilianza mwaka 2011 na GNOME 3. Hapana, turudi nyuma kidogo, kwa KDE.

Oktoba 1996 Matthias Ettrich, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen kule Ujerumani, alitoa wito wa kutafuta wenzake. Kero yake ilikuwa kwamba kwenye Unix, ile familia ya mifumo endeshi ambayo Linux iliifuata, kila programu ilikuwa na sura yake na tabia yake, na mtu wa kawaida asingeweza kuizoea. KDE 1.0 ikatoka Julai 1998. Toleo la 3 lilitoka Aprili 2002, likaendelea kukomaa hadi 3.5 mwishoni mwa 2005, na waliowahi kulitumia wanajua lilivyokuwa: kila kitu kina mpangilio wake, ukitaka upau uwe juu, chini, kushoto, uwe mwembamba, ujifiche wenyewe, ni wewe tu.

Halafu tarehe 11 Januari 2008 ikaja KDE 4.0.

Sababu za kuvunja zilikuwepo, na naomba tusiwe wepesi wa kuzidharau. KDE imejengwa juu ya Qt, ile maktaba inayochora vitufe, menyu na madirisha. Qt 3 ilikuwa inastaafishwa na wenyewe, Trolltech wa Norway, na Qt 4 ilikuwa tayari tangu 2005. Isitoshe, katika KDE 3 picha za kwenye skrini zilisimamiwa na programu moja, upau wa chini na programu nyingine, na vile vikorokoro vya hali ya hewa na saa na programu ya tatu. Watengenezaji wakaamua wayaunganishe yote kuwa kitu kimoja, wakakiita Plasma. Kiufundi uamuzi ulikuwa sahihi. Plasma ipo hadi leo na ni nzuri sana.

Mtumiaji je, alikutana na nini? Upau ambao mipangilio yake mingi aliyoizoea haikuwepo. Kitu chenye umbo la korosho kwenye kona ya juu kulia, kisichoondoka hata ukifanyaje. Nyinyi mnaotoka Mtwara mngecheka, lakini watu waliandika programu ndogo kwa kazi moja tu ya kuifuta ile korosho! Kisha likaja 4.1, faili za kwenye eneo-kazi zikawekwa ndani ya kisanduku chenye ukungu, ukakuta kazi zako zimefungiwa kama bidhaa za dukani. Na mara nyingi kitu kizima kilikuwa kinaanguka.

Watengenezaji walikuwa wameonya kwamba 4.0 ni msingi tu, si ya kila mtu. Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapa ndipo naona kosa lilipo. Linux humfikia mtumiaji kupitia distro, yaani mkusanyo uliofungashwa tayari kusakinishwa. Distro ya Fedora, toleo la 9 la Mei 2008, ilitoka na KDE 4.0, na KDE 3 ikawa haipo tena kama chaguo la eneo-kazi. Distro nyingine, openSUSE 11.0, mwezi mmoja baadaye, iliweka zote mbili, ukachagua mwenyewe wakati wa kusakinisha. Msimbo ni uleule, mwaka uleule, lakini watumiaji wa upande mmoja waliamka asubuhi wakakuta hawana pa kurudi, na wa upande wa pili walisubiri kwa amani hadi toleo la 4.2 la Januari 2009, ambalo waandishi wake walilipa jina la Jibu. Hasira nyingi ninazozisikia kuhusu miundo mipya, ukizichunguza, zinatokana na kuondolewa kwa la zamani kabla jipya halijaweza kubeba kazi. Sura yenyewe watu huizoea.

Sasa GNOME, na hapa nitakaa kidogo.

GNOME 2 ndiyo inayoliliwa zaidi. Menyu tatu juu kushoto, saa juu kulia, orodha ya madirisha chini, basi. Lakini mnakumbuka ilivyopokelewa ilipotoka Juni 2002? Ilizomewa! GNOME 1 ilikuwa na mipangilio hata ya mambo usiyojua kama yapo. Sun Microsystems walikaa na watumiaji mwaka 2001, wakawatazama wakihangaika, na matokeo yake yakachangia toleo la 2 kupunguza, kupunguza, kupunguza. Mafundi wakalia kwamba wamenyang'anywa. Mwaka 2004, toleo la 2.6, kila folda ikawa inafunguka kwenye dirisha lake. Ukiingia folda sita chini una madirisha sita. Wakalia tena. Desemba 2005 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliwashauri watu watumie KDE, akisema GNOME inawaona watumiaji wake kama wajinga.

Kwa hiyo huyu marehemu tunayemsifu matangani, alipokuwa hai tulimsema. Nalitaja hili kwa sababu kila mara mtu anaponiambia la zamani lilikuwa bora, namuuliza: la zamani lipi, na wewe ulilikuta mwaka gani? Kwa kawaida eneo-kazi la kweli kwa mtu ni lile alilojifunzia kazi.

Tarehe 6 Aprili 2011 ikatoka GNOME 3. Upau wa chini haupo. Menyu ya programu haipo. Kitufe cha kushusha dirisha na cha kulitanua vimeondolewa, kimebaki cha kufunga tu. Mwezi huohuo distro ya Ubuntu wakatoka na Unity, sura yao wenyewe, tofauti na GNOME 2 na GNOME 3. Katika muda wa wiki chache, distro kubwa mbili za watu wa kawaida, Ubuntu na Fedora, zikawa zimeachana na kile walichokuwa wanakifundisha.

Nataka mwone jambo hili kwa karibu. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu, na wakati ule kwenye ofisi moja kulikuwa na mama mmoja mhasibu, mtu wa makamo, mwepesi kuliko wengi humu ndani. Alikuwa na jedwali la hesabu, barua pepe, na folda ya ankara zilizoskaniwa. Mkono wake ulikuwa unashuka chini ya skrini bila macho kufuata: jedwali, ankara, jedwali, barua, jedwali. Tukaweka toleo jipya. Akashusha mkono, hakuna kitu. Akaniita: "Kijana, madirisha yangu umeyapeleka wapi?" Nikamwonyesha, mama, sukuma kipanya hadi kona ya juu kushoto. Skrini nzima ikajikunja, madirisha yakatawanyika kama karata, akatakiwa atambue lipi ni lipi kwa picha ndogo. Majedwali yake mawili yalifanana kabisa kwa udogo ule. Akatazama, akavua miwani, akasema, "Shikamoo kompyuta."

Yule mama hakuwa anaogopa mabadiliko. Alikuwa anafanya tendo moja mara mia kwa siku, na tendo hilo limegeuzwa kuwa matatu: nenda kona, tambua, bofya. Ukienda kwa aliyebuni atakwambia bonyeza kitufe cha Super, kile chenye alama ya Windows, au tumia Alt na Tab, ni haraka zaidi. Ni kweli. Mimi mwenyewe leo nafanya hivyo. Lakini hesabu ya mbunifu huanzia kwa mtu anayeanza upya, na yule mama hakuwa anaanza upya.

Vile vitufe niliweza kumrudishia. Kwenye GNOME ya leo ni mstari mmoja kwenye terminali:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout ':minimize,maximize,close'

Upau wa chini ulirudishwa kwa viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea, na hapo ndipo utamu na uchungu wa GNOME ulipo. Viendelezi vinaingia moja kwa moja ndani ya msimbo wa GNOME Shell, programu inayochora sura ya GNOME 3, na kuubadili ukiwa unafanya kazi. Hakuna mlango rasmi uliowekwa ambao utabaki palepale mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana vinaweza kufanya karibu chochote, na ndiyo maana toleo jipya likija vinavunjika. GNOME 45, Septemba 2023, ilibadili namna moduli za JavaScript zinavyoitwa, na kiendelezi chochote ambacho hakikuandikwa upya kikagoma. Ukimjengea mtu eneo-kazi la zamani kwa viendelezi vitano, umempa kazi ya kukuita wewe fundi baada ya kila miezi sita. Kama unatafuta wateja, sawa.

Turudi 2011. Mwezi Juni mtengenezaji mmoja wa Argentina, anayejulikana kwa jina la Perberos, alichukua msimbo wa GNOME 2 na kuanzisha MATE, kwa jina la ule mmea wanaoutengenezea kinywaji kule kwao. Kitu cha kwanza kilichomkabili kilikuwa cha kuchosha tu: majina. Usingeweza kuweka GNOME 2 na GNOME 3 kwenye mashine moja, faili zingegongana. Ikabidi kila programu ibatizwe upya. Nautilus ikawa Caja, gedit ikawa Pluma, Evince ikawa Atril, Metacity ikawa Marco. Si majina tu yanayoonekana. Ni majina ya maktaba, ya faili za mipangilio, maelfu ya mistari.

Kazi ngumu ikafuata. GNOME 2 ilikuwa imesimama juu ya vipande vya ndani kama Bonobo, GConf na vingine ambavyo GNOME yenyewe ilikuwa imevitupa. MATE mwanzoni waliviburuta vyote, vikiwa na majina mapya. Aprili 2013, katika toleo la 1.6, wakaving'oa vingi na kuweka badala yake GSettings, D-Bus na teknolojia nyingine zilezile zinazotumiwa na GNOME 3. Machi 2017, toleo la 1.18, wakamaliza kuhama kutoka GTK 2 kwenda GTK 3, GTK ikiwa maktaba ya kuchora ya GNOME kama Qt ilivyo kwa KDE. Desemba 2020 GTK 4 ilipotoka, GTK 2 ikatangazwa kuwa mwisho wake umefika, na MATE walikuwa wameshaondoka hapo zaidi ya miaka mitatu kabla.

Hebu fikirini. Mtu anakaa mbele ya MATE leo, anaona menyu zile tatu, anasema, "Afadhali hii, haijabadilika." Kumbe chini ya miguu yake sakafu imeng'olewa na kuwekwa nyingine mara mbili. Mradi wa wahafidhina umefanya takriban kila ambacho wanamapinduzi walifanya, isipokuwa kumsumbua mtumiaji.

Clement Lefebvre na wenzake wa Linux Mint walikuja kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa 2011 walichukua GNOME Shell, yaani jipya lenyewe, wakaligeuza sura liwe na upau wa chini, menyu na orodha ya madirisha. Ndiyo Cinnamon. Kufikia toleo la 2.0, Oktoba 2013, lilikuwa eneo-kazi linalojitegemea. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia yenye akili zaidi kati ya zote, na nikiombwa kumwekea mtu anayetoka Windows, kwa kawaida ndiyo ninayoweka. Wapo hapa watakaobisha kwa ajili ya Xfce. Xfce ya Olivier Fourdan ipo tangu 1996, kwa kawaida inatoa toleo kila baada ya miaka kama miwili, mara moja ilipita miaka minne na nusu, kati ya 4.12 na 4.14. Haijawahi kuwa na mapinduzi makubwa tangu ilipotoka 4.0 mwaka 2003, kwa hiyo haina cha kuokolewa. Sina ugomvi nayo.

Kilichowezesha haya yote ni leseni. Mwaka 2012 Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start, watumiaji walibaki kulalamika hadi Microsoft walipokirudisha katika 8.1, Oktoba 2013. Hakuna aliyeweza kuchukua Windows 7 na kuiendeleza nyumbani. Leseni ya GPL, ile ya programu huria nyingi, inakupa haki hiyo. Ila haki ya kuchukua msimbo haiji na watu wa kuufanyia kazi, na hapo nataka niwapeleke Trinity.

KDE 3.5 ilipoachwa, toleo la mwisho likiwa 3.5.10 la Agosti 2008, Timothy Pearson aliichukua, na mwaka 2010 ukawa umezaliwa mradi wa Trinity. Hawa wako kwenye hali ngumu kuliko MATE. MATE walikuwa na GTK 3 ya kuhamia, imetunzwa na wengine. Trinity waliamua kubaki na Qt 3, ambayo hakuna mwingine anayeitunza, kwa hiyo wakajitwika na hiyo pia, ikaitwa TQt3. Fundi anayetunza eneo-kazi anatunza na maktaba inayolichora. HAL, ile huduma iliyokuwa inaiambia KDE 3 kwamba flashi imechomekwa, ilipostaafishwa kwenye Linux yote, Trinity wakaandika ya kwao. Ilikuja na toleo la R14, Desemba 2014. OpenSSL ilipobadili muundo wake wa ndani katika toleo la 1.1 mwaka 2016, programu za zamani zilizokuwa zikichungulia ndani moja kwa moja zikakataa kukompailiwa, nao wakarekebisha. Hadi sasa wanatoa matoleo, kwa kawaida mawili kwa mwaka, na distro ya Q4OS inaitumia.

Nawavulia kofia. Lakini mtu akiniuliza kama aiweke ofisini, namwambia: kwa mashine ya zamani, ndiyo, ukijua unachofanya. Tumia Trinity kwa faili, kwa kuandika, kwa kusikiliza muziki. Usiingie benki kwa Konqueror, kivinjari chake. Injini yake ya kufungua tovuti ni ya enzi nyingine, haitaonyesha kurasa za leo ipasavyo na usalama wake siuamini. Weka Firefox. Uhifadhi una sehemu ambazo hauwezi kufika kwa nguvu ya watu wachache, na mtandao ni mojawapo.

Kuna uhifadhi wa namna nyingine ambao hausemwi sana: wa makumbusho. Mwaka 2016 KDE ilipotimiza miaka ishirini, Helio Chissini de Castro alifufua KDE 1, toleo la 1.1.2, ikakompailiwa na kuendeshwa kwenye Linux ya wakati huo. Aligusa kidogo tu kinachohitajika ili iwake. Nayo CDE, lile eneo-kazi la Unix la kibiashara la miaka ya 1990, la HP, IBM, Sun na wenzao, msimbo wake ulifunguliwa Agosti 2012. Hizi si za mtu kufanyia kazi ya kutwa, ingawa wapo. Ni za kuangalia, kujifunza, kumwonyesha mwanafunzi kwamba menyu fulani ilitoka wapi. Tatizo langu ni watu wanaochanganya mambo haya mawili: wanataka kitu kikae kama cha makumbusho, kisha wakichomekee printa mpya.

Torvalds niliahidi? Sikuahidi, lakini kisa chake kinachekesha, acheni nikimalize. Mwaka 2005 aliwaambia watu watumie KDE. Mwaka 2009 alieleza kwamba KDE 4 imemshinda, amehamia GNOME. Mwaka 2011 GNOME 3 ikamkasirisha, akaenda Xfce. Mwaka 2013 akawa amerudi GNOME 3, akiwa amejiwekea viendelezi vya kumrudishia alivyozoea. Mtu aliyeandika kiini cha Linux amezunguka mduara mzima!

Sasa nije kwenye jambo ambalo litaamua mengi ndani ya miaka michache ijayo, kubwa kuliko vitufe.

Maeneo-kazi yote niliyoyataja yalikulia juu ya X, mfumo ulioanza MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11 ni la 1987. Katika X, seva inayochora skrini ni programu moja, na msimamizi wa madirisha ni programu nyingine kabisa. Ndiyo maana Marco ya MATE inaweza kuwa mradi mdogo: kazi nzito ya kuzungumza na kadi ya michoro na kibodi inafanywa na X, na X inatunzwa na wengine. Uhifadhi wote huu uliegemea ukuta huo.

Ukuta una ufa. Katika X, programu yoyote iliyofunguka inaweza kusikiliza unachochapa kwenye programu nyingine, nywila zako zikiwemo. Hilo si hitilafu, ndivyo ilivyobuniwa, enzi ambapo mtu aliziamini programu zote za kwenye mashine yake. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, ambamo programu inaona yake tu. Lakini Wayland imeunganisha seva na msimamizi wa madirisha. Anayetaka kuwa na eneo-kazi lake anatakiwa abebe, au aazime, kitu kizito kuliko Marco.

Na saa imeshagonga. Red Hat Enterprise Linux 10, Mei 2025, distro ya makampuni, imeondoa Xorg, ile seva ya X. GNOME 49 ya Septemba 2025 ilizima kipindi cha X11, yaani kuingia kwenye GNOME juu ya X, kama mpangilio wa kawaida. KDE wametangaza kwamba Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland peke yake. Programu za zamani mojamoja zitaendelea kufunguka kupitia XWayland, daraja la kuendesha programu za X ndani ya Wayland, hilo lisiwatie hofu. Linaloondoka ni eneo-kazi zima la X. Xfce 4.20, Desemba 2024, imeanza kukubali Wayland kwa majaribio, ikiazima wasimamizi kama Labwc na Wayfire. MATE nao wanaelekea huko kwa mwendo wao. Trinity bado wako kwenye X.

Kuna kundi moja ambalo lingetakiwa kuulizwa kwanza, na kwa kawaida huulizwa mwisho: watu wasioona. Kisoma skrini cha Orca, chini ya X, kiliweza kukamata kitufe chochote ili mtumiaji akiamuru kisome au kinyamaze. Wayland ilifunga mlango huo kwa ajili ya usalama wa kila mtu, na ikabidi njia maalum ijengwe. Kwa GNOME njia hiyo ilifika katika toleo la 48, Machi 2025. Miaka yote ile ya katikati, mtu asiyeona aliyebaki kwenye X alikuwa na sababu kuliko sisi wote tulioshikilia kwa mazoea. Akija mtu kukwambia wanaokataa mapya ni wavivu, mtajie Orca.

Kwa upande wetu huku, nina mawili ya haraka. La kwanza ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na mnajua ilivyo kazi kutafsiri maelfu ya vipande vya maneno. Katika mfumo wa tafsiri unaotumiwa na GNOME na KDE, sentensi ya Kiingereza ikibadilishwa hata kidogo, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka na haionyeshwi tena mpaka mtu aipitie. Kijerumani kina watu wa kupitia wiki hiyohiyo. Lugha isiyo na kikundi cha kudumu, kila muundo mpya ukija, menyu zake zinarudi Kiingereza mojamoja. Mnaopenda kulalamika kwamba menyu hazina Kiswahili, faili hizo ziko wazi, na hazihitaji uwe mwandishi wa programu.

La pili, kompyuta za mtumba. Watu huniambia wanataka eneo-kazi la zamani kwa sababu ni jepesi. Kwenye mashine ya gigabaiti moja au mbili, kweli utaona tofauti. Ukiwa na nne na kuendelea, fungua kivinjari na vichupo kumi, halafu tafuta ile tofauti, kivinjari kimeimeza. Badilisha diski, weka SSD, ndipo uhangaike na sura. Ila mwenye mashine ya biti 32 yuko kwenye foleni nyingine. Debian 13, Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye biti 32. Huyo Q4OS na Trinity ni watu wake.

Basi, kama una ofisi iliyo kwenye MATE au Xfce leo, sioni haja ya kuihamisha mwaka huu. Chukua mashine moja tu, weka kipindi cha Wayland pembeni, jaribu printa, skana, projekta, programu ya kushiriki skrini kwenye mikutano, na kibodi za watu wenye mahitaji maalum. Andika kinachogoma. Kisha kipeleke kwa watunzaji wenyewe, kwa maelezo kamili, toleo gani, kadi gani ya michoro, ulifanya nini kikatokea nini. Hitilafu iliyoelezwa vizuri kwa MATE au Trinity ina uzito mkubwa, kwa sababu wanaoisoma ni wachache na hawana maabara ya kujaribia mashine zetu.

Kipaza sauti kiko hapa mbele. Nimekuja na laptopu yenye Trinity kwa wanaotaka kuishika, lakini betri yake ni ya umri wake, kwa hiyo wenye maswali ya biti 32 naomba waanze.